Mwanga Saba, Herufi Nene, Mistari Iachane

Huenda unayepata maneno haya umekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, umevaa miwani nyeusi, na mtu mwingine ndiye anayekusomea. Mwambie asiende mbio. Na kama unasoma mwenyewe kwa kusogeza karatasi mbele na nyuma, pumzika kila unapohisi mkwaruzo. Niliyapanga haya kwa aya fupi kwa sababu hiyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nakaa Muleba na mume wangu, Baba Kemi. Tuna kibanja cha migomba na kahawa. Binti yetu Kemi anafanya kazi Dodoma. Nilikuwa pia msomaji wa masomo kigangoni kwetu, kanisa dogo la Kikatoliki, kazi niliyoishika miaka mingi na niliyojivunia kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Ugonjwa ulianza msimu wa senene. Jicho la kushoto liliwasha, likawa jekundu, kisha mwanga ukaanza kunichoma. Siku tatu baadaye la kulia likafuata. Nilisema ni vumbi. Mchana mmoja nilikaa na jirani zangu tukinyonyoa senene mabawa na miguu, nikawa nafanya kwa kupapasa, maana mikono inaijua kazi ile tangu utoto. Jioni mezani Baba Kemi alitoa kitu mdomoni, akakiweka kando ya sahani.

"Mama Kemi, leo umetupikia senene na nguo zao?"

Nilimjibu kwamba nilinyonyolea mahali penye giza. Nilinyonyolea uani, saa nane mchana.

Wiki ile zamu ya somo la kwanza ilikuwa yangu, Dominika ya pili ya Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi. Nikifungua kitabu niliona mistari kama siafu wakipita. Hapo nikafanya kosa ambalo labda wasomaji wa masomo peke yao ndio wanaoweza kulifanya. Nina daftari ambalo kwa miaka nimekuwa nikinakili masomo yangu kwa mkono, herufi kubwa, ili nifanye mazoezi. Nikatafuta Dominika ya pili ya Majilio, nikaikuta, nikakaa juani, ingawa mwanga uliniumiza, na kioo cha kukuza herufi, nikakariri somo zima. Lilinichukua siku nne. Nilisahau kwamba masomo ya Jumapili huzunguka miaka mitatu, na kwamba mwaka mpya wa Kanisa huanza na Majilio yenyewe. Watoto wa komunyo ya kwanza nimewafundisha jambo hilo kwa chaki ubaoni. Nilichokariri kilikuwa somo la mwaka uliopita, lile la wanyama wakali kulala pamoja na wanyama wapole.

Nikapanda mimbarini, nikalitoa. Nilikuwa nainamisha kichwa kila baada ya sentensi mbili ili ionekane nasoma. Katikati nikasikia karatasi. Watu wenye misale zao, vitabu vya Misa, walikuwa wanageuza kurasa, mmoja, kisha benchi zima, wakinitafuta. Nikaendelea. Nilipomaliza, wimbo wa katikati ulioimbwa ulijibu somo jingine.

Baada ya Misa katekista wetu, Felisiani, alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, umesoma vizuri sana somo ambalo halimo kitabuni."

"Limo."

"Kitabu nilikifungua mwenyewe, waitu. Utepe nimeuweka mwenyewe."

Hata hapo aliniita waitu, kwa heshima ya Kihaya. Ni mtu mpole. Lakini orodha ya zamu ilipobandikwa upya, jina langu halikuwepo.

Njiani kurudi nyumbani Baba Kemi alisimama mbele yangu, hatua kama tano.

"Vidole vingapi?"

"Usinitanie."

"Mama Kemi. Vingapi?"

Niliona mkono. Vidole sikuviona. Naye akaushusha mkono taratibu. "Ungeniambia," alisema. Aliirudia kauli hiyo kwa miezi, na kila mara ilinikera kwa sababu ilikuwa kweli. Jumatatu tukapanda gari la kwenda Bukoba.

Kliniki ilinifundisha kusubiri. Unafika asubuhi, unatoa kadi, unasomeshwa herufi za ukutani, unatiwa dawa ya kupanua mboni, unarudi kwenye benchi. Dawa ikishakolea, kila mlango ukifunguliwa mwanga unaingia kama kofi. Tulikuwa tunakaa safu nzima tumeinamisha vichwa, na mpita njia angedhani tuko kwenye maombi. Daktari aliniambia kuna uvimbe ndani ya macho yote mawili, la kushoto zaidi. Akanipa matone, kila saa moja, na vidonge. Sitaeleza vidonge vinafanya nini humo ndani. Wewe muulize daktari wako.

Nilikaa Nshambya, hapo hapo Bukoba, kwa wifi yangu, dada yake Baba Kemi. Alitundika kitenge kizito dirishani, akaweka kengele ya simu kila saa, na kila ilipolia alikuwa anaacha anachofanya, sufuria au ufagio, anakuja kunidondoshea. Aliita kazi hiyo kumwagilia mche.

Kwaresima ilinikuta nyumbani, nimebadilika umbo. Vile vidonge vilinipa njaa ambayo sijawahi kuiona. Nilikuwa namaliza ndizi za mezani, kisha najikuta jikoni nakomba sufuria. Uso ukawa wa mviringo kama sinia, shingo ikapotea. Watu walinipongeza. "Mwalimu, Bukoba wanakulisha nini?" Magauni yangu mawili tu ndiyo yaliyonikubali. Siku moja nilijitazama kioo kwa karibu sana, nikaamua kuvipunguza vidonge mwenyewe, bila kumwambia mtu. Kufikia mavuno ya kahawa uvimbe ulikuwa umerudi, mkali kuliko wa kwanza, na daktari hakunikaripia, aliandika tu kwenye kadi yangu. Sauti ya kalamu ile naikumbuka. Usipunguze vidonge mwenyewe.

Nyumbani tuligombana kuhusu kusoma. Baba Kemi alijitolea kunisomea gazeti na masomo ya Jumapili, lakini anasoma kama mtu anayekimbia mvua. Nilikuwa namsahihisha. Alivumilia wiki mbili, kisha akaliweka gazeti chini.

"Mimi si darasa lako la tano."

Akatoka. Nikasikia jembe kibanjani muda mrefu. Niliporudi kutoka kliniki safari iliyofuata, nilikuta amepaka chokaa nyeupe kwenye kingo za ngazi zote tatu za mlangoni, ili nizione. Nilizipanda na kuzishuka mara kadhaa bila sababu.

Kemi alipopata habari kwamba siwezi kusoma alinitumia kishikwambi. "Mama, utakuza herufi utakavyo." Nilikwenda nacho kliniki, nikakuza herufi mpaka neno moja likajaza skrini, nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Baada ya dakika mbili machozi yalikuwa yanatiririka.

"Mwalimu, unasoma au unapigana nacho?"

Aliyesema ni mzee aliyekaa kando yangu, kanzu safi, kofia ya kufumwa, jicho moja limefunikwa bandeji. Anaitwa Mzee Sudi, mtu wa Bukoba mjini. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha chapa, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole, na sasa ana duka la steshenari analoliendesha mwanawe. Presha ya macho ilikuwa imemla upande mmoja.

"Mwanangu kaniletea mwanga mkubwa," nilimwambia, "lakini unanichoma."

"Utakuchoma. Hiyo taa iko nyuma ya herufi, inakupiga wewe machoni. Umewahi kusoma gazeti kwa kulishika mbele ya jua?"

Alitoa mfukoni kifaa cha kusomea vitabu, chembamba, cheusi, chenye ukurasa wa kijivu kama karatasi ya zamani. Wajukuu zake walikiita rida, yeye alikiita kisomeo. Akakiwasha. Mwanga wake ulitoka pembeni, ukalala juu ya ukurasa kama mwanga wa dirisha juu ya meza. Alipogeuza ukurasa, skrini ilipepesa mara moja nyeusi, kisha maneno yakatulia. Hayakutetemeka.

"Mwanga una namba," alisema, "hadi ishirini na nne. Na una rangi. Huu mweupe ni wa hospitali. Huu wa manjano ni wa kibatari cha bibi yako. Chagua."

Nina tabia moja ya kazi: kitu nisichokielewa nakichorea jedwali. Nilitoa daftari, nikapiga mistari kwa rula nikipapasa, nikaandika kwa kalamu nene: mwanga, rangi, fonti, ukubwa, nafasi ya mistari, dakika. Dakika zilikuwa zile ninazosoma kabla jicho halijaanza kukwaruza. Mzee Sudi alishika saa. Tulikuwa na muda mwingi kuliko watu wote wa Bukoba.

Tulianza na imani yangu kwamba kikubwa ndicho kizuri. Herufi kubwa kabisa: dakika tatu. Neno nililiona, lakini mstari ulikuwa na maneno matatu tu, na kila nilipoufikia mwisho nilipotea nikitafuta mwanzo wa mwingine. Herufi za kati, lakini nyembamba: dakika nne. Herufi za kati zilizonenepeshwa: dakika tisa.

"Unaona?" alisema Mzee Sudi. "Mteja akija dukani anasema, niwekee kubwa, mama haoni. Hakuna anayesema niwekee nene."

Safari iliyofuata tulijaribu fonti, yaani umbo la herufi. Kuna herufi zenye vikucha chini na juu, kama za vitabu vya zamani, na kuna zilizokatwa wima bila kitu. Nilidhani zisizo na vikucha zitanishinda, kwa kuwa nimezoea vitabu. Kumbe kwa jicho langu vikucha vilikuwa vinaungana, herufi moja ikamshika jirani yake, na neno likawa kama uzi. Kwa Mzee Sudi ilikuwa kinyume: vikucha vilimwongoza, bila hivyo jicho lake liliteleza. Tulibishana juu ya hilo mpaka muuguzi akatuambia hapa si sokoni.

Kisha nafasi. Tuliachanisha mistari hatua kwa hatua, na dakika zikapanda kumi na mbili, kumi na tano. Jambo la mwisho Mzee Sudi alilifanya bila kunieleza. Alibonyeza mahali, na upande wa kulia wa ukurasa, uliokuwa umenyooka kama ukuta, ukawa na mapengo, mistari mingine mirefu, mingine mifupi.

"Umeuharibu," nilisema.

"Soma."

Nilisoma dakika ishirini. Ukurasa ulionyooka pande zote hulazimisha mapengo makubwa katikati ya maneno, na jicho langu lilikuwa linatumbukia humo. Isitoshe, kila mstari sasa ulikuwa na mwisho wake wa pekee, kwa hiyo sikurudia mstari nilioumaliza.

Kuhusu mwanga, matokeo yalinishangaza zaidi. Juu ya kumi na tano jicho lilijifunga. Chini ya nne herufi zilizama. Saba, rangi ya manjano iliyokolea kidogo, nikiwa nimekaa kivulini mgongo umeelekea dirisha, ndiyo iliyoshinda kila mara. Siku nilizotiwa dawa ya mboni hakuna kilichofaa, na hilo nalo nililiandika, ili nisijilaumu siku hizo. Kwenye jalada la daftari nikaandika: mwanga saba, herufi nene, mistari iachane. Hizi ni namba za jicho langu. Za kwako ni nyingine, lakini nakwambia zipo, na zinatafutika ukiwa umekaa.

Kemi alinitafutia kisomeo changu. Nilisoma kibanjani asubuhi, chini ya kivuli cha migomba, robo saa kwa robo saa, na Baba Kemi hakuhitaji tena kunisomea akikimbia mvua.

Majilio yaliporudi nilikuwa na utando jicho la kushoto, mtoto wa jicho aliyeletwa na ugonjwa na dawa zake. Upasuaji haukuwezekana mpaka jicho litulie miezi kadhaa. Nilikaa benchi la tatu nikasikiliza vijana wakisoma, wazuri, wenye haraka. Baada ya Misa nilimfuata Katekista na kisomeo mkononi.

"Somo nimeliweka humu. Naweza kulisoma lote."

Alikitazama kwa mbali, akakisogeza karibu, akakirudisha mbali.

"Neno la Mungu halisomwi kwenye simu, Mwalimu."

"Si simu."

"Inawaka?"

"Inawaka kidogo."

"Basi ni simu."

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikakubali kwamba ana hoja: watu walikuwa wameniona mara moja nikisoma kisichokuwepo kitabuni, na sasa nilitaka kupanda pasipo kitabu kabisa.

Walinifanyia upasuaji masika yalipokwisha. Nakumbuka mkono wa muuguzi begani, na sauti ya maji. Bandeji ilipotolewa kesho yake nilimwona wifi yangu, na kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba amezeeka. Alicheka mpaka akakaa chini. Tukirudi Muleba, gari liliposimama Kemondo sikuhitaji harufu ya dagaa kujua tumefika. Niliona bandari, meli imefungwa, mwanamke anaanua nguo.

Lakini kitabu cha masomo bado kilinishinda. Karatasi yake inang'aa, herufi zake ni nyembamba zenye vikucha, na mistari imebanana. Nilipeleka daftari langu kwa Mzee Sudi dukani. Alilisoma jedwali kwa jicho lake moja, polepole, kama mtu anayesoma barua ya jamaa.

"Skrini imekwambia unachotaka," alisema. "Sasa tukifanye kwa karatasi. Ile saba yako, hiyo ni karatasi ya rangi ya maziwa, isiyong'aa."

Alimwelekeza mwanawe kwenye kompyuta. Nene zaidi. Hapana, ndogo kidogo. Achanisha. Usinyooshe kulia, nasema usinyooshe! Walichapa mara tano. Ya sita niliishika kwa urefu wa mkono nikaisoma hadi nukta ya mwisho, na mteja aliyekuwa anatoa kopi ya cheti akasimama kunisikiliza.

Paroko alipoulizwa alisema karatasi iwekwe ndani ya kitabu, kwenye ukurasa wa somo lenyewe, na msomaji asome kutoka kitabuni. Jina langu likarudi kwenye orodha: Dominika ya pili ya Majilio. Nilihesabu miaka kwa vidole, nikarudia. Mzunguko ulikuwa umefika tena. Somo la siku hiyo lilikuwa lile lile nililolikariri miaka miwili nyuma, la wanyama.

Jambo hilo lilinitia hofu kuliko faraja. Bado nililijua kwa moyo. Ningeweza kulitoa macho yamefungwa, na hakuna ambaye angejua tofauti isipokuwa mimi.

Kwa hiyo nilisoma taratibu. Nilijikataza kusema neno kabla sijaliona. Mahali pamoja ulimi ulitangulia jicho, nikasimama, nikarudi mwanzo wa mstari, nikausoma upya. Nilisikia karatasi za misale. Safari hii ziligeuka zote pamoja, mara moja tu, mahali ambapo somo linavuka ukurasa. Wimbo wa katikati ukajibu. Niliposhuka, Baba Kemi alikuwa ameinua kidole kimoja magotini, pembeni, ambapo mimi tu ningekiona. Nilikiona.

Katekista akafuata na matangazo. Aliishika karatasi mbali, akasema mazoezi ya kwaya ni Alhamisi. Mwenyekiti wa kwaya akakohoa: yalihamishiwa Ijumaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia. Nikakumbuka kwamba matangazo ya Felisiani yamekuwa yale yale tangu Pasaka.

Nilimkuta sakristia, kwenye chumba cha nyuma, akikunja mavazi ya Misa. Alifunga mlango kwanza.

"Mwalimu, yule mzee wako wa chapa."

"Mzee Sudi."

"Anaweza kuandika na matangazo? Hivyo hivyo, kwa unene huo?"

"Katekista, tangu lini?"

Alikunja stola ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Nilidhani ni vumbi," alisema.

Sikumpa namba zangu. Nilimwambia za kwake zitatafutwa baada ya kumwona daktari, na kwamba Jumatatu kuna gari la asubuhi.

Tulisafiri watatu. Katekista alikaa dirishani, mikono magotini, amevaa suti ya Krismasi. Tulipokaribia Kemondo nilisimama kwenye kijia kati ya viti vya gari, hatua kama tano mbele yake, nikainua mkono.

"Vidole vingapi?"

Alicheka, akamtazama Baba Kemi ili amsaidie. Baba Kemi akatazama ziwa.

"Mwalimu, usinitanie."

Nikauliza tena.